Kisanduku Kimoja, Uzani Mbalimbali: Suala la Isotopu katika Kitabu cha Primo Levi

Neno "isotopu" lilitungwa na mwandishi wa riwaya. Mwanakemia Frederick Soddy, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alikuwa amekwisha kutambua kwamba zipo atomi ambazo tabia zao za kikemia ni zile zile, hata hakuna mbinu ya kikemia aliyoijua iliyoweza kuzitenga, ilhali uzani wao ni mbalimbali. Alikosa jina la kuziitia. Dakta Margaret Todd, tabibu wa Uskoti ambaye mwaka 1892 alitoa riwaya kwa jina bandia la kiume la Graham Travers, alimpa maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya "sawa" na jingine "mahali". Soddy alilichapisha jina hilo katika jarida la Nature mwezi Desemba 1913, na tangu hapo limepokewa na lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Kwa hiyo istilahi hii, ambayo msomaji wa fasihi huidhania kuwa kavu kabisa, ni tamathali ya usemi, tena ni tamathali ya makazi: wapangaji wa uzani mbalimbali wamepewa chumba kimoja katika jedwali la elementi.

Yafaa jambo lenyewe lielezwe kidogo. Kila elementi hutambulishwa na idadi ya protoni zilizomo katika kiini cha atomi yake, na idadi hiyo ndiyo iamuayo kisanduku chake katika jedwali. Lakini kiinini mna nyutroni pia, nazo zaweza kuzidi au kupungua bila ya elementi kubadilika jina. Klorini iliyomo katika chumvi ya mezani ni mchanganyiko wa aina mbili: katika kila atomi 100, kiasi cha 76 zina uzani wa 35, na 24 zina uzani wa 37. Ndiyo maana vitabu vya shule huandika uzani wa klorini kuwa 35.45, ijapokuwa hakuna hata atomi moja ya klorini duniani yenye uzani huo. Sehemu ya kila isotopu kama ionekanavyo katika maumbile huitwa na baadhi ya watu "wingi wa kiasili". Neno "wingi" lina udhaifu wake, kwani huahidi ujaa, na kumbe huenda likatajiwa kitu ambacho ni chembe moja katika bilioni elfu. "Kadiri ya kiasili" lina haki zaidi, nalo ndilo linalotumiwa katika makala haya.

Kitabu cha Primo Levi kiitwacho Il sistema periodico, yaani jedwali lenyewe la elementi, kilitolewa Torino mwaka 1975, kikafasiriwa kwa Kiingereza na Raymond Rosenthal mwaka 1984. Levi (1919–1987) alikuwa mwanakemia kwa kazi na Myahudi wa Piemonte kwa nasaba. Alikamatwa Desemba 1943 akiwa pamoja na wapiganaji wa msituni, akapelekwa Auschwitz Februari 1944, na huko akakaa mpaka kambi ilipokombolewa Januari 1945. Kitabu kina sura 21, kila moja ikibeba jina la elementi, na wahakiki wengi wamekisifu kwa jinsi fani yake, ambayo ni jedwali, inavyobeba maudhui yake, ambayo ni maisha ya mtu mmoja katika karne katili. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo kuna jambo lililopitwa. Levi alilichukua jedwali kama lilivyoning'inizwa ukutani mwa darasa, kila kisanduku na jina lake moja, wala hakuuliza ni nani na nani waliomo ndani ya kisanduku. Kitabu ambacho dhamira yake kuu ni tofauti ndogo, zile ambazo watu huziona si kitu, kimejengwa juu ya mpango unaozificha tofauti ndogo kuliko zote.

Huenda pakasemwa kwamba ni uonevu kumdai mwandishi kitu asichokiahidi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama dai lingetoka nje ya kitabu. Lakini linatoka ndani, na mahali linapotokea kwanza ni sura ya zinki.

Katika sura hiyo Levi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, naye amepewa kazi ya kuchanganya zinki na asidi ya sulfuriki. Zinki iliyo safi sana haikubali kushikana na asidi. Huishinda na kukaa kimya. Pakiwamo uchafu kidogo wa madini mengine, papo hapo mchanganyiko huchemka. Kutokana na jambo hili dogo Levi anajenga sifa ya uchafu: bila ya takataka kidogo hakuna mabadiliko, hakuna uhai. Huo ndio wakati ambapo serikali ya Kifashisti ya Italia, kwa sheria zake za mwaka 1938, ilikuwa ikihubiri usafi wa damu na kuwahesabu Wayahudi kuwa ndio uchafu. Mwanafunzi yule anajitambua kuwa yeye ndiye ile chembe inayoifanya zinki ichemke, na anaanza kujivunia hali hiyo. Ni kurasa chache, nazo ni miongoni mwa kurasa imara kuliko zote kitabuni.

Ila zinki ile "safi" ya Levi haikuwa safi. Zinki itokayo ardhini ni mchanganyiko wa isotopu tano, zenye uzani wa 64, 66, 67, 68 na 70, na ile iliyo nyingi kuliko zote, ya 64, haifikii hata nusu kamili; ni kama asilimia 49. Mtu aweza kuisafisha zinki mpaka asibakishe chembe ya shaba wala ya risasi, na bado mkononi mwake atakuwa na jamii ya mataifa matano. Hoja ya Levi ingepata nguvu maradufu kwa hesabu hii. Kama alivyoiandika, inamkubalia adui neno moja kubla ya mabishano kuanza, yaani kwamba usafi upo, na kwamba tatizo ni kuupenda kupita kiasi. Kadiri ya kiasili ingemjibu adui huyo kwamba hata hicho anachokiita safi ni jina tu lililoandikwa juu ya mchanganyiko. Kati ya elementi 21 zilizopewa sura kitabuni, ni tatu tu ambazo maumbile yamezipa isotopu moja pekee: fosforasi, dhahabu na aseniki. Bati, ambalo nalo lina sura yake, lina isotopu kumi zilizo imara, na hakuna elementi nyingine yenye nyingi kama hizo.

Mwito wa pili unatokea katika sura ya potasiamu. Ni mwanzoni mwa mwaka 1941. Levi anaisafisha benzini, na kanuni inamtaka atumie sodiamu. Sodiamu haikupatikana, akatumia potasiamu, jirani yake katika jedwali, akiona kwamba ni karibu sawa. Kipande kidogo mno kilichosalia chomboni kikawaka, moto ukapanda mpaka kwenye mapazia. Fundisho analolitoa ni kwamba mtu awe na hadhari na vitu vilivyo karibu sawa, kwa kuwa tofauti ndogo hugeuza mwendo mzima kama reli inavyogeuzwa njia. Fundisho hili ndilo uti wa mgongo wa kitabu. Lakini sodiamu na potasiamu ni majirani wa visanduku viwili. Mtihani mgumu wa fundisho hilo ni wale walalao katika kisanduku kimoja, na potasiamu yenyewe inao: ya 39, ambayo ni asilimia 93 na zaidi, ya 41, ambayo ni karibu asilimia 7, na ya 40, ambayo ni kama atomi 12 tu katika kila 100,000.

Hiyo ya 40, iliyo chache kiasi cha kusahauliwa, ndiyo yenye kisa. Atomi zake huvunjika polepole mno; nusu yake huisha baada ya miaka ipatayo bilioni 1.25. Nyingi hugeuka kuwa kalisi, na kama moja katika kila kumi hugeuka kuwa gesi ya agoni. Hapo ndipo msomaji anapopaswa kurudi kwenye sura ya kwanza, maana Levi alikianza kitabu chake kwa agoni. Aliwafananisha na gesi hiyo wahenga wake, Wayahudi waliofika Piemonte mnamo mwaka 1500 kutoka Hispania kwa njia ya Provence: watu waliokaa pembeni, waliotosheka, wasioshikamana na yeyote, kama agoni isivyoshikamana na chochote. Anaieleza pia lugha yao, yenye mizizi ya Kiebrania na viambishi vya Kipiemonte, kwa ucheshi ambao msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Sura hii imependwa na wengi. Walakini, agoni iliyomo hewani, ambayo ni karibu asilimia moja ya hewa yote, ni ya uzani wa 40 kwa asilimia 99.6, na hiyo 40 ilizaliwa na potasiamu iliyovunjika ndani ya miamba. Gesi hiyo tulivu ni mtoto wa msukosuko. Hii pia ndiyo sababu ya fumbo lililowasumbua wanakemia tangu agoni ilipogunduliwa mwaka 1894: agoni, yenye uzani wa 39.95, hutangulia potasiamu katika jedwali, nayo potasiamu ni nyepesi kuliko hiyo, 39.10. Wazee wale wa Piemonte nao hawakuwa watulivu kwa asili. Walikuwa wametupwa huko na mvunjiko uliotokea kwingine. Levi anautaja uhamaji huo, kisha anauacha upite. Tashbihi yake ilikuwa na kina kuliko alivyoitumia.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki uhusiano huu wa potasiamu na agoni si habari ya mbali. Fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana na Mary Leakey mwaka 1959 katika bonde la Olduvai, lilipewa umri wa miaka ipatayo milioni 1.75 mwaka 1961 kwa njia hiyo hiyo, yaani kwa kuipima agoni iliyokusanyika ndani ya majivu ya volkano tangu yalipopoa. Vipimo vyenyewe vilidai uangalifu ule ule ambao Levi aliufundishwa na moto wa benzini. Majivu ya Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, yalipewa kwanza miaka milioni 2.6, mabishano yakaendelea muda wa miaka kumi na zaidi, mpaka ikakubaliwa kuwa ni kama milioni 1.9. Makosa yalitokana na chembe za miamba ya zamani zilizochanganyika na majivu mapya: uchafu tena, lakini safari hii uchafu wenye kudanganya. Sifa ya uchafu iliyomo katika sura ya zinki ina mipaka yake, na mwanakemia aliyekula mshahara wa kiwanda cha rangi kwa miaka mingi aliijua mipaka hiyo. Msanii ndiye aliyeisahau.

Sura ya risasi na ile ya urani zaweza kupitiwa kwa haraka. Rodmund, mtafuta risasi wa hadithi ya kubuni, huijua ardhi yenye madini kwa ujuzi aliourithi. Risasi ni elementi ambayo kadiri ya isotopu zake hutofautiana kutoka mgodi hadi mgodi, jambo lililothibitika tangu mwaka 1914 Theodore Richards alipoupima uzani wa risasi itokayo katika madini ya urani na kuukuta ni mdogo kuliko wa kawaida. Kwa maneno mengine risasi hubeba kumbukumbu ya kwao, na mhusika huyo wa Levi angestahili kuijua siri hiyo. Ama urani, Levi ameifanyia mzaha: mteja mwongo anampa kipande cha madini akikiita urani, naye anakipima na kukuta ni kadimiamu. Mzaha ni mzuri. Lakini swali la urani katika karne hiyo halikuwa kama ni urani au la. Lilikuwa ni urani ipi. Ni atomi saba tu katika kila elfu zilizo za 235, na bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 lilitengenezwa kwa kuzichuja hizo chache kutoka kwa zile nyingi za 238. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa Wamarekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchi ya wasemaji wa Kiswahili ambao hawakuambiwa walichokuwa wakichimba ni cha kazi gani. Kwa upande mwingine, mwaka 1972 wapimaji wa Ufaransa walikuta urani ya Oklo, nchini Gabon, ina asilimia 0.717 ya isotopu hiyo badala ya 0.720, na kwa upungufu huo mdogo wakagundua kwamba karibu miaka bilioni mbili iliyopita ardhi yenyewe iliwasha tanuri la nyuklia bila ya mkono wa mtu. Hiki ni kisa cha "karibu sawa" kuliko chochote kilichomo kitabuni.

Sura ya mwisho, ya kaboni, ndiyo inayotajwa zaidi, nayo ndiyo inayohitaji kusomwa polepole. Levi anamfuata mhusika ambaye ni atomi moja ya kaboni. Imefungwa katika mwamba wa chokaa kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Mwaka 1840 sururu inaubandua mwamba, tanuri linaichoma chokaa, na atomi inatoka bombani. Inavutwa na pumzi ya kozi na kutolewa, inayeyuka majini, inasafirishwa na upepo miaka minane, na mwaka 1848 inaingia katika jani la mzabibu. Baada ya mvinyo, mwerezi wa Lebanoni na mengine, inafika katika gilasi ya maziwa na kisha katika ubongo wa mwandishi mwenyewe, inauongoza mkono wake, na kitabu kinafungwa kwa nukta. Njiani msimulizi anauliza kama ni haki kwa mwanakemia kuzungumzia atomi "fulani", na anajijibu kwamba msimulizi anao uhuru huo. Anaongeza kwamba atomi za kaboni ni nyingi kiasi kwamba kisa chochote kitakachobuniwa lazima kiwe kweli kwa mojawapo.

Hoja hiyo ni ya kuvutia, lakini ina pengo, na isotopu ndizo zinazolionyesha. Kaboni ya kiasili ina wahusika watatu: ya 12, ambayo ni asilimia 98.9, ya 13, ambayo ni asilimia 1.1, yaani kama moja katika kila atomi 93. Na ya 14, ambayo hewani ni takriban moja katika bilioni elfu. Levi hasemi yake ni ipi. Kisa chenyewe kinasema kwa niaba yake, angalau nusu. Nusu ya kaboni 14 huvunjika kila baada ya miaka 5,730. Basi atomi iliyokaa mwambani mamia ya mamilioni ya miaka haiwezi kuwa hiyo. Si kweli, kwa hiyo, kwamba kisa chochote chaweza kuwa cha atomi yoyote. Mahali palipochaguliwa kuanzia hadithi pamekwisha kumkataa mhusika mmoja.

Wanaobaki ni wawili, nao hawapokewi sawa mlangoni pa jani. Jani la mzabibu, kama la mharagwe, linapojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, huipendelea kidogo kaboni 12. Uwiano wa 13 kwa 12 ndani ya mmea wa namna hiyo huwa pungufu ya ule wa hewani kwa takriban sehemu 20 katika 1,000. Jani la mhindi, la muwa na la nyasi nyingi za mbugani halina ukali huo. Tofauti hii hubaki katika meno ya walaji, na kwa njia hiyo tafiti zilizotolewa mwaka 2008 na 2011 zilionyesha kwamba jamaa za Zinjanthropus yule yule wa Olduvai, waliokuwa wakisifiwa kwa magego ya kuvunjia kokwa, chakula chao kikubwa kilitokana na mimea ya jamii ya nyasi. Basi tukio la mwaka 1848, ambalo Levi analisimulia kama bahati tupu, ni tukio ambapo uzani wa mhusika ulikuwa na neno. Kama atomi yake ilikuwa ya 13, iliingia pale ambapo wenzake wengi walirudishwa. Kama ilikuwa ya 12, iliingia kwa upendeleo isioujua. Hivi ni visa viwili, na kwa mwandishi aliyetoka hai Auschwitz, ambaye mara nyingi aliandika juu ya bahati ya walionusurika na aibu yao, si visa vya kuchanganywa.

Suala hili litamkabili mfasiri wa Kiswahili mapema kuliko mfasiri mwingine yeyote. Kiitalia huipa atomi jinsia ya kiume ya kisarufi, ambayo hata kitabu na kioo vinayo, na msomaji haoni kitu. Kiswahili hakina maficho hayo. Mfasiri ataandika ama "atomi ile ilimezwa", ama "atomi yule alimezwa". Na masikio yaliyolelewa na ngano, ambamo kila mwenye kisa hupewa upatanisho wa ngeli ya watu, yatamshawishi achague la pili. Inafaa akatae. Katika Se questo è un uomo, kitabu chake cha mwaka 1947, Levi anaeleza jinsi askari wa Kijerumani alivyoripoti hesabu ya abiria 650 wa gari moshi la kwenda Auschwitz kwa neno lenye maana ya "vipande". Watu walitolewa katika ngeli yao wakatiwa katika ngeli ya vitu, na uovu wote umo katika badiliko hilo la upatanisho. Mfasiri akiitunukia atomi, isiyotaka wala kuogopa kitu, ile "a-" waliyonyang'anywa watu wale, atakuwa ameifanya iwe rahisi. Atomi ya Levi na ibaki "ile", na badala ya ngeli ya watu ipewe kile ambacho ni chake kweli na ambacho asili ya Kiitalia haikukitaja: uzani. Neno moja, "kaboni 13", katika maelezo ya mfasiri chini ya ukurasa wa jani la mzabibu, litatosha kumwonyesha msomaji mlango ulikuwa mwembamba kiasi gani.